Nevyana Ajifunza Kuhema

Nevyana alipojifungua mapacha, tumbo lake liligoma kurudi. Akiinuka kitandani, katikati palichomoza tuta kama unga unaoumuka. Hilo angelivumilia. Kilichomliza ni gaida, zumari ya mfuko wa ngozi ya mbuzi aliyoachiwa na baba yake: akipuliza, tuta linachomoza, kiuno kinauma, sauti inakatika. Na sikukuu ya Mtakatifu Georgi, baridi ikishaisha, kijiji chetu chote humtegemea yeye. Bila gaida yake hatuchezi. Tunakula kondoo, tunarudi kulala.

Mama mkwe wake Velichka, jirani yangu mwenye ulimi wa siki, alikuwa na dawa yake: mkaja wa sufu nyekundu. Akamfunga hadi binti wa watu akawa anahema juu juu.

"Vumilia, usideke," akamwambia. "Mimi nimezaa wanne, na mkaja sijauacha mpaka leo."

Kweli, hatukuwahi kumwona bila mkaja wake.

Nevyana akashuka mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yule dada akamlaza chali, akamwambia ainue kichwa kidogo, akazamisha vidole katikati ya tumbo. Vikaingia vitatu.

"Misuli imeachana," akasema. "Mkaja ukikubana kutwa, inazidi kulala. Toa pumzi polepole, vuta kitovu ndani. Gaida iache kwanza."

Basi majira yote ya baridi Nevyana akawa analala sakafuni kando ya jiko la kuni, anatoa pumzi, na Velichka anamruka na sufuria ya maharage.

"Mkwe wangu kaolewa aje kuhema."

"Nahema kwa faida, mama."

"Vyombo vinakungoja."

"Nikimaliza kuhema, mama."

Mimi, nimekaa kwao na kikombe changu cha kahawa, nilicheka hadi nikaona haya.

Siku ya Mtakatifu Georgi, Nevyana akakumbatia mfuko wake, mkaja hana. Akapiga ule wimbo wa taratibu ambao sauti yake ya mwisho huvutwa mpaka wazee wanafuta macho. Akaivuta, na haikukatika. Nililia, sifichi.

Velichka hakucheza. Alikaa tu, mkono juu ya mkaja wake. Jioni nilipowapitia nilimkuta chali kando ya jiko, mkaja umekunjwa kitini, Nevyana amepiga magoti akimbonyeza tumbo.

"Vidole vimeingia vingapi?" Velichka akauliza.

"Vinne, mama."

Velichka akautazama mkaja pale kitini.

"Miaka yote hii tumbo hili nikidhani ni uzee," akasema. "Haya, nifundishe kuhema."