Aliumwa Kidole

Hospitali nzima ilimwita mpimaji wa maabara Mama Darubini, na kwa miaka ishirini jina hilo lilimtosha. Kisha akarudi yule binti aliyekuja zamani kama mwanafunzi, ambaye Mama Darubini mwenyewe alimfundisha kupaka tone la damu kwenye kioo. Sasa binti ni daktari, na wodini hakuna wimbo mwingine: daktari hivi, daktari vile. Mama Darubini alimwonea wivu waziwazi. Kila binti aliposifiwa, aliacha chai yake akaondoka.

Asubuhi moja ilifika maabara fomu ya fundi viatu, kwa mwandiko wa binti: homa inakwenda na kurudi, malaria imepimwa mara tatu hakuna, aliumwa kidole. Akaomba vipimo vya baridi yabisi. Mama Darubini alipokwenda kumtoa mgonjwa damu, akaona kidole kimevimba, kina alama mbili ndogo.

"Baba, kidole kilikuuma tu, au uliumwa na kitu?"

"Panya, mama. Nilisinzia karakanani, akanitafuna. Kidonda kilipona, nikasahau."

Chini ya darubini, vijidudu vilivyojisokota kama uzi vilihangaika kati ya chembe za damu. Homa ya kuumwa na panya! Aliwahi kuiona mara moja tu maishani. Dawa yake ni penisilini, basi. Akaandika jibu, ikiwa saa nne. Moyo ukamwambia peleka, wivu ukamwambia kaa. Akalitia jibu kwenye droo. Acha ahangaike kidogo, msomi wetu asiyetofautisha kuumwa na kuumwa.

Saa sita muuguzi alipita akisema fundi viatu anaweweseka. Saa nane mkewe akasikika akilia kwenye korido. Hapo ndipo Mama Darubini alipochomoka na karatasi yake.

Binti alisoma, akajishika kichwa. "Mama, nilidhani kinamuuma tu!" Sindano ikachomwa papo hapo.

Siku ya tatu mgonjwa alikaa kitandani, akaulizia viatu vya wateja. Binti akamshika Mama Darubini mkono mbele ya wodi nzima.

"Mimi nilikosea. Mshukuruni huyu, ndiye mwalimu wangu."

Heri angejisifu! Kumbe hata kwa wema mtoto huyu alimzidi, na wivu ukamchoma upya.

Mke wa fundi akamkumbatia. "Mungu akubariki, dada. Uligundua saa ngapi?"

"Saa nane," akajibu. "Nikaja mbio."