Lami Nyuma ya Hoteli ya Kinya

Kinya aliiombea barabara hata sauti ikamkauka kanisani. Hoteli yake ilikuwa kwenye senta ndogo ya maduka juu ya mji wa Nkubu, ikitazama njia ya udongo mwekundu ambayo mvua ikinyesha haipitiki hata na punda. Kila mwanasiasa aliyekunywa chai pale aliahidi lami.

Basi lami ikaja kweli, ila wajenzi waliona kona ya senta ni kali mno. Wakaikwepa, wakapitisha barabara nyuma, katikati ya migomba, hatua chache kutoka jikoni kwa Kinya.

Asubuhi moja alikuwa ameinamia sufuria akiponda mukimo wa viazi na mahindi, akasikia hodi mlango wa nyuma. Alikuwa dereva wa lori la ndizi.

"Mama, chakula kiko?"

"Kiko. Zunguka mbele."

"Mbele ni wapi?"

Dereva hakungoja jibu, aliruka maganda ya viazi, akapita kando ya moto, akajitafutia kiti. Baada yake wakaja wengine, wote kwa njia hiyohiyo, wakimwamkua akiwa na unga wa chapati mpaka kwenye viwiko. Aliona haya, kana kwamba wamemkuta akioga.

"Tugeuze hoteli," akasema mumewe, Mwaniki. "Jiko liende kule kwa njia ya zamani, meza zije huku."

Wakageuza. Wageni wa lami wakaongezeka, lakini walitaka chipsi na soda, na mukimo ukawa unalala sufuriani. Wachuma chai nao, waliokuwa wateja wake tangu afungue, bado walipandia njia ya zamani. Siku ya kwanza Kaari, aliyekuwa hakosi kikombe chake akitoka shambani, alisimama mlangoni akipepea moshi usoni.

"Kinya, umefunga?"

"Sijafunga. Ingia tu."

"Nipitie kwa moto?"

"Si wengine walikuwa wanapita?"

Kaari akasema atakuja kesho. Hakuja.

Jumapili watu walimshika mkono nje ya kanisa. "Mungu amekujibu, Mama." Alisema amina, na amina ilikuwa ya kweli, maana hoteli ilijaa kuliko zamani. Lakini akiwa njiani alimuuliza Mwaniki, "Sisi tumeendelea, ama tumehama bila kuhama?"

Mwaniki alicheka, kisha akaharakisha hatua.

Wiki iliyofuata fundi wa rangi, Gitobu, alikuja kuandika jina la hoteli ukutani.

"Niandike upande upi?"

Kinya alitoka upande wa lami, akatazama magari. Akapita ndani hadi upande wa zamani, ambako majani yalishaanza kuota njiani. Wachuma chai wawili walikuwa wakipita na vikapu mgongoni. Aliwaita kwa majina, akawaambia chai iko tayari. Walisitasita, wakaingia wakiinama kukwepa moshi.

"Nimeuliza upande upi," Gitobu akasema.

"Ngoja kwanza niwape watu chai," Kinya akajibu, akaenda kutafuta vikombe, asikumbuke siku hizi vinakaa wapi.