Trekta Yenye Riboni Kule Timau

Nichekeni tu, hata mke wangu bado anacheka. Nilitoka Muthara hadi Timau kununua trekta ndogo ya shamba. Muuzaji alinielekeza kwa simu: ukipita kanisa, boma la mkono wa kulia, trekta iko nje.

Trekta niliiona, imefungwa riboni. Lakini mbona hema, na akina mama wanaimba? Mbona wauzaji wamevaa suti? Nikapewa chai na mukimo wa viazi, nikajiambia watu wa huku wanajua biashara.

Mzee mwenye boma akaniuliza, "Unaionaje?"

Nikaiwasha. Ikakohoa moshi mweusi, oili ikadondoka. Nikatangaza kwa sauti, "Mzee, hii hata ya bure usikubali!"

Akina mama wakaacha kuimba. Kijana mwenye waridi kwenye koti akashika kichwa.

"Mmesikia, wakwe?" mzee akawaambia wageni. "Mahari gani hii ya moshi?" Kisha akanigeukia. "Na wewe ni wa upande gani, wa bibi au wa bwana?"

Kabla sijajibu, mtu akaita kutoka ng'ambo ya barabara:

"Wewe wa kununua trekta! Nilikwambia mkono wa kulia!"