Chujio Jeupe na Samaki Wawili

Jumamosi, katika duka moja hapa Lushoto linalouza pia matangi ya samaki, mwalimu wa kike aliweka juu ya kaunta chujio la tangi lenye sponji jeupe pee.

"Shikamoo, mzee," alimwambia muuzaji kwa hasira.

"Marahaba, mwanangu. Limeharibika?"

"Halijaharibika. Samaki wangu wa baharini niliowaweka darasani wamekufa, wote wawili."

"Hukulisafisha?"

"Kila asubuhi, kwa maji ya bomba, kama ulivyonielekeza! Kumbe kwenye sponji wanaishi vijidudu wanaosafisha maji, nami nawaua kila siku. Lilitakiwa kusuuzwa mara chache, kwa maji yaleyale ya tangi."

Muuzaji hakutikisika. Alishusha chujio jingine, kubwa zaidi, akalipangusa kwa kiganja.

"Basi chukua hili. Lina nguvu."

"Linasafishwaje?"

"Kwa maji ya bomba, mwanangu. Kila asubuhi."

Nilikasirika mimi, mnunuzi wa betri tu! Mtu kafundishwa kosa lake papo hapo, naye analiuza tena.

Mwalimu alitoka mikono mitupu. Jumatatu wanafunzi wake, ambao hawajawahi kuiona bahari, watauliza samaki wako wapi. Nashauri awalete dukani, wamwulize mzee.