Waya wa Bawa la Malaika

Mama Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa miraba minne, mikono imejaa makovu ya moto. Mteja akimtania kwamba ile ni kazi ya wanaume, humjibu, "Chuma hakiulizi umevaa nini." Ndugu yake alikuwa mmoja tu, mdogo wake wa kiume, ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni mama yao akiwa kibaruani.

Alipopewa kazi ya kukarabati bawa la malaika wa chuma aliyesimama ufukweni, mrefu kupita nyumba zote za jirani, mdogo wake alifura kwa hasira. Yeye na wenzake wa kikundi cha dini waliiita ile sanamu mungu wa bandia.

"Dada, achana nayo. Tutaiangusha."

"Haya, jaribuni," akacheka, akidhani ni domo tu.

Haikuwa domo. Mchana mmoja Mama Cheche akiwa begani mwa malaika, mkanda umemfunga kwenye bawa, kundi lao lilimwagika ufukweni na nyundo na nondo. Mlinzi wa lango alipigwa kichwani, akaanguka, damu ikimtoka masikioni. Ngazi ikaangushwa. Jiwe likampata Mama Cheche begani, akausikia mtulinga ukilia kaa!

Waya wa chuma aliopandishia mabati ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye bawa. Wakaufunga kwenye lori. Aliyesimama kando ya waya akiamrisha ni mdogo wake.

"Toka hapo!" Mama Cheche alipiga kelele. "Nitaukata!"

"Vuta!" mdogo wake akamwambia dereva.

Lori likanguruma. Bawa likapinda, miguu ya Mama Cheche ikabaki hewani. Kwa mkono mzima akauelekeza moto wa gesi kwenye waya. Ukakatika, ukarudi chini kwa mluzi, ukampitia mdogo wake chini ya goti. Mguu ukabaki unashikiliwa na ngozi.

Kundi lilitimua mbio. Mama Cheche akateremka kwa kamba, mkono mmoja, ngozi ya kiganja ikichunika. Akavua mkanda, akamkaza paja.

"Usiniguse, muuaji!"

"Nyamaza nikufunge."

Mlinzi alikufa jioni ile. Mguu ulikatwa. Mdogo wake alitoka hospitali akaingia jela, na alipotoka jela alirudi kwa mama yao, kwa kuwa hakuwa na pengine. Jumapili mama aliwaita wote wawili, akawapakulia sahani moja.

"Mimi nina watoto," alisema, "sina kesi." Akaenda zake jikoni.

Wakala, kila mtu upande wake. Hatimaye mdogo wake akasema, macho kwenye sahani, "Siku ile nilikusikia."

"Ulinisikia?"

"Neno kwa neno. Nikasema moyoni, dada hawezi."

Mama Cheche aliliweka tonge chini. "Na mimi nilidhani utasogea."

Mama akauliza kutoka jikoni kama chumvi imetosha.