Mabati ya Baba Neema

Leo nimeingia gereji kugombana, nikanyamazishwa na paa.

Mume wangu, Baba Neema, ana karakana yake ya useremala kwenye gereji nyuma ya nyumba. Paa lilikuwa linavuja. Mimi nilitaka vigae vya lami kama vya majirani wote hapa mtaani kwetu Agincourt. Yeye akapata mabati yaliyombakia fundi mmoja, kwa bei ya kutupa, akaezeka.

Mabati! Toronto!

Basi leo nikamfuata na hotuba yangu kamili. "Baba Neema, majirani watadhani tunafuga kuku..."

Mvua ikashuka.

Jamani, mnaukumbuka ule mlio? Nikapaza sauti, wapi! Mwenzangu akaweka randa chini, akakunja mikono juu ya meza, akalaza kichwa, vilevile kama darasani mvua ilipomshinda mwalimu.

Nikacheka mpaka nikakaa. Na mimi nikalaza kichwa.

Mliosoma chini ya mabati, mnanielewa?

Mvua ilipokatika, akainua kichwa. "Ulikuwa unasemaje, Mama Neema?"

"Nilisema chai iko tayari."

Hata maji sikuwa nimebandika.