Shanga za Kwenye Kaniki

Kazi yangu naifanyia chumba cha mbele, mtaani Mwembesongo, juu ya meza hiyohiyo ya chakula. Natengeneza hereni, mikufu na bangili kwa vitu vilivyozeeka: senti za kikoloni zenye tundu katikati, vifungo vya makoti ambayo wenyewe walishakufa, na shanga za bibi zetu. Majirani huniita mama takataka. Wanatania, nami nacheka nao, lakini sipendi.

Shanga nzuri za zamani mjini hakuna. Zangu zilitoka Mgeta, milimani, kwa mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu. Yeye alikuwa akipita kwa vikongwe wenzake akinunua zilizolala masandukuni, kisha ananitumia kwa dereva wa lori la kabichi, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Mimi nazifumua, naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nazichambua, natunga upya. Sikuwahi kuzionea huruma. Kitu kisichovaliwa kimeshakufa, nilikuwa nasema, mimi nakifufua. Maneno hayo niliyaandika hata kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni, na watu waliyapenda sana.

Mwaka jana, shule zilipokaribia kufungwa, likaja kopo kama kawaida. Juu kulikuwa na shanga za kila siku. Chini kulikuwa na mshipi mmoja mrefu wa shanga, umeviringishwa kwenye kipande cha kaniki. Uzi ulikuwa umeoza, ukiugusa unakatika. Mpangilio haukuwepo kabisa: nyekundu, nyeupe, kijani, bluu, hakuna mbili zilizolingana. Nilimcheka moyoni aliyetunga. Nikaufumua wote.

Mwanamke mwingine yeyote wa kwetu angeona ile kaniki tu, mkono ungesita. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na binti akivunja ungo huwekwa ndani, akafundwa, kisha akatolewa nje akiwa amefungwa kiunoni shanga za ukoo, ambazo hutunzwa ndani ya kaniki. Mimi sikuwekwa ndani. Mama aliolewa na mfanyakazi wa kiwanda, mtu wa kuja, na baba alisema binti yake hatachezwa ngoma milimani. Mama akanyamaza. Kwa hiyo shanga zile sikuwahi kuzitia machoni. Na mama mkubwa hakutuma neno, kwa sababu mambo ya mwali hayasemwi kwenye simu wala hapewi dereva mwanamume kuyafikisha. Aliamini nitaiona kaniki, nitaelewa, nitabadilisha uzi na kurudisha.

Zilitoka jozi kadhaa za hereni na mikufu mitatu. Kule kutolingana ndiko kulikopendwa. Wiki haikuisha, zikawa zimekwisha, na mimi nikajiona fundi kwelikweli.

Ijumaa moja mama mkubwa akashuka mjini, akaja kwangu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

Akakaa mkekani, akanywa chai, akanieleza jinsi mvua ilivyobomoa njia ya shambani kwake. Kisha akateremsha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Ule wa kwenye kaniki umeshautunga? Mjukuu wangu yuko ndani. Anatoka Jumamosi ya wiki ijayo."

Nilielewa yote kwa mara moja, na badala ya kusema kweli nikasema, "Bado kidogo, nitauleta mwenyewe." Mpaka leo najichukia kwa hilo kuliko hata kwa kufumua.

Wiki ile sikushona wala kutunga kitu. Nilikuwa mtu wa kupiga simu na kuomba. Mwalimu mmoja alinirudishia hereni bila kuuliza. Mwanamke wa Turiani alinirudishia mkufu, lakini alinisema weee kwanza. Mwingine aliniambia zawadi hairudishwi. Wengine hawakupokea simu. Nilipopata zaidi ya nusu, nikajazia na shanga nyingine kuukuu zenye rangi zilezile, nikatunga kwa kubahatisha, nikapanda Mgeta nao kifuani. Sikujua nitafanya nini nikikataliwa. Mama alikuwa ameshakufa, na kati ya ndugu zangu wa upande ule ni huyo mmoja tu aliyekuwa akinikumbuka.

Mama mkubwa alinipokea uani, akanipeleka chumba cha pili, akafunga mlango. Aliushika mshipi, akauangalia kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua kisu, akakata uzi, akazimwaga shanga mkekani. Zile za kujazia akazisogeza pembeni moja moja kwa kidole, hakukosea hata moja. Zilizobaki akazipanga mstari, na kila palipokosekana akaacha nafasi.

"Nimekosa, mama mkubwa," nikasema, na hapo ndipo nikamweleza yote.

"Niliona tangu siku ile ya chai," alisema. "Nilikuwa nangoja useme."

Aliendelea kupanga. Akaniambia kila mwanamke wa ukoo ana yake, mwali akitoka mama yake anaongeza moja. Akagusa: ya bibi, yake yeye, ya mama yangu. Ya mama ilikuwepo, nyekundu iliyochubuka, nami nikashukuru Mungu kwa sauti. Mbele ya hiyo mama mkubwa akaacha nafasi.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Yako. Mwaka ule ulipovunja ungo mama yako alipanda huku peke yake, baba yako hana habari. Akaleta ya bluu yenye doa jeupe. Alisema, mwanangu hakuchezwa, lakini asikose kuwemo."

Niliikumbuka. Niliipenda kuliko zote, nikaiweka katikati ya mkufu, akaununua mgeni aliyekuja kupanda mlima. Jina lake sikumwuliza.

"Nimeiuza," nikasema.

Mama mkubwa alichukua uzi mpya, akatunga zilizokuwepo mpaka akaifikia ile nyekundu ya mama. Kisha akaitoa ya mjukuu wake kwenye pindo la kanga, akaitunga palepale penye nafasi yangu, ikagusana na ya mama.